Mpwa wangu, uprofesa wa hesabu Marekani ni hivi

Uliniuliza kama kufundisha hesabu chuo kikuu huku kunalipa, na kama uje ukishamaliza Mlimani. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikwambie kweli tupu.

Kunalipa, lakini hela inachelewa. Shahada ya uzamivu ilinila miaka 6. Ada sikulipa, chuo kilinipa posho, nami nikawafundisha kalkulasi vijana wa mwaka wa kwanza na kusahihisha mazoezi yao hadi usiku. Ukitoa kodi ya chumba na chakula, kilichobaki kilikuwa nauli. Miaka ile mlidhani nimewasahau. Sikuwa nacho, mwanangu.

Ikafuata mikataba ya miaka miwili mitatu, kila mara nafunga mabegi nahama mji. Nilipopata chuo nilichopo, nilipewa miaka 6 ya kujithibitisha kwa machapisho. Ukishindwa, unaondoka, na kibali cha kuishi kinaingia mashakani. Mshahara wangu ni wa miezi 9. Ndiyo maana mkinipigia Julai kuhusu ada za watoto, nawaomba mnisubiri hadi Septemba.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Makala yangu moja ilikaa kwenye jarida miezi 14, ikarudi na maelezo ya mhakiki: hatua fulani, ukurasa wa 11, haijathibitishwa. Nilikuwa nimetoka kwenye theluji, nikaisoma mlangoni na koti mwilini. Alikuwa sahihi. Kazi ya miaka 2 nilikuwa nimeitundika kwenye maneno "ni wazi kwamba". Nilizunguka na ukurasa ule dukani, kwenye basi, hadi ndotoni. Mwezi wa tano, nikiwa ubaoni nawachorea wanafunzi mfano mdogo wa kawaida, nikaiona njia. Mkono ukasimama na chaki. Walidhani nimesahau somo, kumbe machozi yananilenga.

Furaha ile ndiyo iliyonibakiza huku, si dola. Kama unaijua hata kidogo, njoo, nitakupokea. Ila usikurupuke. Omba kwanza AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, pale Kigali. Wanafadhili uzamili, nawe utajua kama unaweza kukaa na swali moja wiki nzima bila kulikimbia. Na walimu wako wakujue vizuri, maana barua zao za mapendekezo zinasomwa sana huku.

Nitumie ile kazi yako ya mwaka wa mwisho. Jumamosi sina kipindi, nitaisoma yote.

Mjomba wako