Wembe wa babu, vipele vya shingo, na kinyozi wa Lira

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yetu alifariki nikaachiwa wembe wake wa kukunja, una mpini mweusi na kwenye chuma umeandikwa Solingen. Nataka nianze kunyolea ndevu nao. Nimejaribu mara moja ukanivuta nywele mpaka machozi, alafu ukanikata karibu na sikio. Shida ni mkono wangu ama ni wembe? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Marahaba kijana, na pole sana kwa msiba. Shida ni wembe, mkono tutaufikia. Solingen ni mji wa Ujerumani unaojulikana dunia nzima kwa visu na nyembe, kwa hivyo chuma chenyewe huenda ni kizuri, lakini hata chuma kizuri kikilala sandukuni miaka na miaka makali yanakwisha, na wembe butu ndo unaokata mtu, sababu ukiona haunyoi unaongeza nguvu, na ukiongeza nguvu ngozi ndo inapasuka badala ya nywele.

Tafadhali nakuomba, usiupeleke kwa wale wanaonoa panga na visu kwa jiwe la kuzunguka pale sokoni! Zile cheche unazoziona zinaruka ni moto, na makali ya wembe ni membamba sana, yakishika moto yanageuka bluu na chuma kinalegea. Wembe huu unanolewa taratibu kwenye jiwe la maji, yaani jiwe la kunolea linalolowekwa, namba 1000 kurudisha makali, alafu unapanda mpaka 8000 kuyalainisha (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), na muda wote umelala bapa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe. Kama hujawahi, tafuta anayejua akunolee hiyo mara ya kwanza. Ukiona makali yameliwa na kutu mpaka yana vishimo, ama kuna ufa, basi uweke tu kama ukumbusho wa babu.

Ukishanolewa unahitaji mkanda wa ngozi wa kusugulia wembe, na hapa ndo wengi wanaruka hatua. Nenda Owino ama soko lolote la mitumba utafute mshipi mpana wa ngozi halisi usio na mishono, ufunge kwenye kitasa cha mlango, uvute ukaze kabisa usilegee, alafu laza wembe bapa uupeleke mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma, ukifika mwisho ugeuze ukiubiringisha juu ya mgongo wake, bila kuuinua, urudi. Mara 40 hivi kwenda na kurudi, kila siku kabla ya kunyoa. Mi wakati najifunza niligeuzia upande wa makali nikaukata mkanda wangu mpya, ninao mpaka leo na mkato uko pale katikati, umefunguka kama mdomo. Kwa hivyo anza polepole, mwendo utakuja wenyewe.

Sasa kunyoa. Ile methali ya mwenzako akinyolewa tia maji, sisi vinyozi tunaichukua vile ilivyo: lowesha. Nyoa baada ya kuoga, ama weka kitambaa cha maji ya moto usoni dakika 3, alafu povu zito la brashi. Mkono mmoja unavuta ngozi iwe imekazwa, mwingine unashika wembe, mgongo umeinuka kidogo tu, digrii 30 hivi, na unashusha kufuata vile ndevu zimelala. Usigandamize, uzito wa wembe unatosha. Na usiusogeze kando kando hata siku moja, hapo ndo mtu anajichana. Wiki mbili za kwanza fanya mashavu tu, kwingine malizia na wembe wako wa kawaida, kidevu na masharubu vina kona nyingi, vitangoja.

Ukimaliza, ufute ukauke kabisa, tia tone la mafuta, na usiuache bafuni. Nyinyi mko kando ya ziwa, unyevu ni mwingi na kutu haikawii.

SWALI: Mzee, nikinyoa shingo natoka vipele vyeusi. Wembe huu wa kukunja utaniponya? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Unaweza kusaidia. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa chini sana zinarudi ndani ya ngozi, na zile nyembe za blade tatu, nne, ndo zinavuta nywele na kuikatia chini. Wembe wa makali mamoja unaikata usawa wa ngozi. Lakini shusha mara moja tu kufuata nywele, usirudishe juu hata kama bado unasikia vinakwaruza, na ukimaliza pitisha shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, ikiwa na maji. Vikiwa na usaha acha kunyoa uende kituo cha afya.

SWALI: Mi ni kinyozi. Naweza kutumia wa kukunja kwa wateja? (Msomaji, Lira)

JIBU: Huu wa kunoa, hapana ndugu yangu. Damu kidogo tu usiyoiona inatosha kupeleka homa ya ini aina ya B kwa mwingine, na virusi vya ukimwi pia vinapita kwenye damu. Tumia ule wa kukunja wa kutia nusu wembe: vunja wembe wa kawaida katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, mteja akiona, na akinyanyuka tu kwenye kiti ile nusu iingie kwenye kopo lenye kifuniko.