Simpson ikigoma kwenye kipeuo, usiongeze vipande. Badili mahali pa kukata

Mkuu, umesema unatafuta eneo chini ya mkunjo wa kipeuo cha pili cha x, kuanzia 0 hadi 1. Umetumia kanuni ya Simpson (njia ya kukadiria eneo kwa kulikata vipande na kupima urefu wa mkunjo kwenye kila mkato) kwa vipande 4, 8, 16, jibu bado linasogea, na sasa unauliza kama uende 1000. Usiende huko. Mimi kosa hilo nilishalifanya, na nusura mtu mwingine alilipie.

Nilipewa kazi ya kuandaa jedwali la tangi la dizeli: silinda iliyolazwa, nusu kipenyo mita 1, urefu mita 6. Unatumbukiza fimbo, unasoma kina, jedwali linakupa lita. Fomula ya duara ipo, lakini tangi lilikuwa limebonyea kidogo. Kwa hiyo kabla halijafungwa nikapima upana wake kila baada ya sentimita 25 na kuzipa namba Simpson. Mzigo wa kwanza ulipojaza nusu ya tangi, jedwali likaonyesha upungufu wa lita zaidi ya 150. Macho yote yakamgeukia dereva.

Usiku ule nikaijaribu hesabu yangu kwenye duara kamili, ambalo jibu lake linajulikana. Nusu duara la nusu kipenyo 1 lina eneo la 1.5708. Vipande vyangu 4 vikatoa 1.5418. Zidisha tofauti hiyo kwa urefu wa mita 6, unapata lita 174. Asubuhi nilipeleka karatasi ile kazini na kumwomba dereva radhi mbele ya watu wote.

Kwa vipande 8 nilipata 1.5606. Kosa limepungua mara 2.8 tu, ilhali ukiongeza vipande maradufu, kosa la Simpson hutakiwa kupungua karibu mara 16. Chanzo kiko chini kabisa ya tangi: upana unaanzia sifuri na kufunguka ghafla, mkunjo unasimama wima. Simpson hupitisha parabola (mkunjo laini wa namna ya y = x²) juu ya kila vipande viwili, na parabola ya namna hiyo haiwezi kuinuka wima. Kosa karibu lote linatoka hapo mwanzoni, hata vipande vya juu uvikate vyembamba namna gani.

Nilichofanya ni kukiita kina y, kuweka y = t², kisha kukata t kwa nafasi sawa badala ya y. Maana yake upana unapimwa kwenye kina cha sentimita 6.25, 25, 56.25 na 100, na kila upana unazidishwa kwa 2t (kasi ya y kubadilika t inapoongezeka) kabla ya kuingia kwenye Simpson. Vipande ni vile vile 4, lakini jibu ni 1.5690: lita 174 zimeshuka hadi 11. Vipande 8 vinatoa 1.5707. (Tangi likijaa hadi juu, mkunjo unasimama wima ncha zote mbili; hapo kata kwa pembe, y = 1 − cos θ.)

Wajerumani huiita Simpson kanuni ya mapipa ya Kepler, kwa kuwa Johannes Kepler alichapisha kitabu cha ujazo wa mapipa ya mvinyo mwaka 1615. Nilifurahi sana kulijua hilo baada ya kuhangaika na tangi langu.

Kama hujui jibu sahihi, pima hivi: tumia kanuni ya trapeza (inayounganisha vipimo kwa mistari iliyonyooka) kwa vipande 2, 4 na 8, kisha gawanya tofauti ya majibu mawili ya kwanza kwa tofauti ya mawili ya mwisho. Ukipata karibu 4, mkunjo ni mtulivu, na mbinu ya Richardson, ya kuchanganya majibu mawili ili kupunguza kosa, itakusaidia: jibu la vipande 8 mara 4, toa la vipande 4, gawa kwa 3. Nusu duara langu lilitoa 2.8. Ukiona hivyo, kuchanganya majibu hakutakuokoa. Badili kwanza herufi unayoikata, kama nilivyobadili y kuwa t².

Kwako wewe, weka x = t². Kipeuo kinakuwa t, ukikizidisha kwa 2t unapata 2t², na Simpson kwa vipande 2 tu inatoa 2/3 kamili.