Kipindi cha michezo nacho ni somo

Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha elimu ya viungo, nilikuwa nikitoka na mpira mmoja, napuliza filimbi, nawaambia wanafunzi wagawane timu mbili. Wakali kumi hivi wanacheza. Waliobaki wako pembeni, wengine wamekaa kivulini wanapiga soga. Kelele zikiwa nyingi, najiona nimefundisha.

Siku moja nikaamua kuhesabu. Nikachagua mwanafunzi mmoja, binti mkimya, nikamfuata kwa macho kwa dakika zote 40. Mpira aliugusa mara moja tu, ulipotoka nje akaurudisha. Niliumia sana. Mtoto yule alikuwa anajifunza kila wiki kwamba uwanja si mahali pake, na mwalimu aliyekuwa akimfundisha hivyo ni mimi.

Tangu hapo nilikichukulia kipindi cha michezo kama somo lenye mambo yake ya kujifunza: kukimbia, kuruka na kutua, kurusha, kudaka, kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mtoto hufundishwa kutua huku amekunja magoti kama anavyofundishwa kushika kalamu. Asipoyapata hayo akiwa mdogo, akishabalehe huona haya kujaribu mbele ya wenzake, na wengi huachia hapo. Kwa takwimu za mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Wasichana asilimia 85, wavulana 78. Kinachopendekezwa ni wastani wa dakika 60 kwa siku, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Hilo la mifupa tunalisahau mno. Mifupa hujengeka zaidi utotoni na ujanani, na kuruka kamba tu kunaisaidia.

Kwa mwalimu mwenzangu: vunja darasa katika vikundi vya watu wanne au watano, kila kikundi na mpira wake, hata kama ni wa matambara. Timu panga mwenyewe. Usiwaachie manahodha wachague, maana yule anayebaki wa mwisho huikumbuka siku hiyo akiwa mtu mzima. Maendeleo ya mtoto yapime kwa alivyokuwa mwezi uliopita. Aliyeruka kamba mara 5 akafika 20 amefanya kazi kubwa kuliko bingwa wa darasa aliyebaki palepale.

Na tafadhali, tusiwakimbize watoto kuzunguka uwanja kama adhabu. Nimewahi kufanya hivyo, najuta. Ukimwadhibu mtoto kwa kukimbia, usishangae akikimbia kwa kinyongo.

Wasichana wanahitaji kufikiriwa zaidi: nguo wanazoweza kuchezea bila hofu, mahali pa kubadilishia, na mwalimu anayeelewa siku za hedhi bila kumhoji mtu mbele ya darasa. Nilipoyarekebisha haya, wale waliokuwa wakidai kuumwa tumbo kila wiki walipungua.

Wakuu wa shule wana mazoea ya kutwaa kipindi hiki mitihani inapokaribia na kukipa hisabati. Najua shinikizo la matokeo. Lakini waulize wanaofundisha baada ya kipindi cha michezo: mtoto aliyetoka kuhema na kutoka jasho, akanywa maji, hukaa akasikiliza. Aliyekalia dawati tangu asubuhi anasinzia, na hisabati yenyewe haimwingii.

Mzazi, ratiba ya shule itakuonyesha kwamba kipindi kipo. Usiishie hapo. Mwanao akirudi, muulize leo aligusa mpira mara ngapi.