Kabla hujajaza begi DVD za Guangzhou

Msimu wa maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, ukikaribia, Aprili na Oktoba, huwa napata ujumbe kutoka kwa watu wanaokwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Wengi wanauliza mambo ya maana: hoteli ya karibu na Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, wakala wa mizigo, wapi pa kubadilishia dola. Halafu hakosekani mmoja: "Kaka, yale maduka ya filamu za bei chee bado yapo? Nataka nijazie begi."

Yalikuwepo, tena tele, na kilichouzwa humo kilikuwa kopi za wizi. Nilisoma China enzi za DVD, na baadaye nikawa nawakalimania wafanyabiashara wetu, kwa hiyo maduka hayo niliyajua kwa ndani kidogo. Ngoja nikueleze yalivyoendeshwa, maana ukiuelewa mpangilio wake utaona mwenyewe nani alikuwa anabebeshwa hatari.

Kwanza ujue kwa nini yalizaliwa. China ilipoanza kuingiza filamu za Hollywood kwa kugawana mapato ya tiketi, mwaka 1994, kiwango kilikuwa filamu 10 kwa mwaka. Ilipojiunga na WTO, Shirika la Biashara Duniani, Desemba 2001 zikawa 20, na mwaka 2012 zikapandishwa hadi 34. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, filamu 20, na hizo nazo zimeshapita mikononi mwa wakaguzi. Kila kilichobaki nje ya mlango huo kiliishia kwenye rafu za maduka haya: filamu za Ulaya, tamthilia za Marekani, hata kazi za Wachina wenyewe. Jia Zhangke, mwongozaji wa Kichina ambaye filamu zake za mwanzo hazikuruhusiwa kwenye sinema za nchi yake, alipata watazamaji wengi wa nyumbani kupitia kopi za wizi.

Duka la kawaida lilikuwa chumba kimoja karibu na chuo, mtaa wa baa au kituo cha treni. Shanghai watu walikwenda Dagu Lu, Beijing walikwenda Sanlitun au Xinjiekou. Shenzhen kulikuwa na jengo la Luohu Commercial City, hatua chache kutoka mpaka wa Hong Kong, ambako vijana walikupokea mlangoni wakinong'ona "DVD, DVD", kisha wanakupandisha ghorofani hadi chumba kisicho na kibao.

Bei ilikuwa kati ya yuan 5 na 10, kulingana na diski. Wateja wazoefu hawakuuliza jina la filamu kwanza, waliuliza ni D5 au D9. D5 ni diski ya tabaka moja, inabeba gigabaiti 4.7, D9 ni ya matabaka mawili, gigabaiti 8.5. Filamu iliyotoka kwenye diski halali ya matabaka mawili ikisukumwa iingie D5, lazima kitu kikatwe: picha inafifia, nyongeza zinatupwa, lugha nyingine zinapotea. Ukimwona Mchina kijana anachambua D9 za Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za kisanaa, moja baada ya nyingine, huyo alikuwa mwanafunzi wa filamu au anaelekea kuwa.

Kitu kilichonishangaza ni ukweli wa wauzaji. Kaunta ilikuwa na TV ndogo na mashine ya kujaribia. Diski ikigoma nyumbani unairudisha, unapewa nyingine bila maneno. Na ukichukua filamu iliyotoka juzi, dada wa duka anakwambia waziwazi: hii bado mbaya, subiri. Alikuwa anajua ngazi zake. Kwanza inakuja ile iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera ya kificho, vichwa vya watu vinapita na mtu anakohoa. Kisha ile iliyovuja kutoka kwa wapiga kura wa tuzo, yenye maandishi ya onyo kwenye picha. Kisha kopi ya Urusi: studio zilikuwa zinawahisha DVD huko ili kuwapiku maharamia, maharamia wakazichukua hizohizo na kuzibandika sauti ya Kiingereza. Mwisho ndiyo inafika kopi ya DVD ya Marekani, safi kabisa. Maduka yetu mengi ya vifaa vya umeme hayakupi huduma hiyo hata kwa bidhaa halali yenye risiti, lakini tusiyachanganye mambo.

Kava ndilo lilikuwa kichekesho. Nyuma utasoma majina ya waigizaji wa filamu nyingine kabisa, na sifa zilizonakiliwa kwenye gazeti na mtu asiyejua Kiingereza, kumbe mwandishi alikuwa anaiponda filamu hiyohiyo.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole. Kwa miongozo ya mahakama ya juu na mwendesha mashtaka mkuu wa China, mwaka 2004 mpaka wa kosa la jinai uliwekwa nakala 1,000. Aprili 2007 ukashushwa hadi 500. Chini ya hapo ni faini na kunyang'anywa mzigo. Mwezi huohuo Marekani ikapeleka malalamiko WTO, ikidai mipaka hiyo inawapa wauzaji mahali pa kujificha. Jopo likatoa ripoti Januari 2009 na kusema Marekani haikuthibitisha hoja hiyo. Mimi niliyekuwa nasimama kwenye maduka yenyewe naona hoja ilikuwepo. Rafu zilibeba mzigo wa kiasi. Ukitaka zaidi, kijana anatumwa, anarudi baada ya dakika chache na mfuko mweusi. Stoo ilikuwa fleti ya juu au mtaa wa pili, na anayekuuzia hana jina lake popote. (Katika kesi hiyohiyo China ilishindwa kwenye jambo jingine: sheria yake iliinyima hakimiliki kazi iliyokataliwa na wakaguzi. Yaani filamu ikishapigwa marufuku, kisheria haikuwa na mwenyewe. Kipengele hicho kilirekebishwa mwaka 2010.)

Ukaguzi ulikuwa na majira yake. Kabla ya Olimpiki ya Agosti 2008, au wakati wa mikutano ya Bunge mwezi Machi, mlango unafungwa na karatasi inabandikwa: tunakarabati. Shanghai, mwaka wa maonyesho ya dunia ya Expo 2010, maduka yalijenga ukuta wa bandia katikati. Mbele zikabaki diski halali ambazo hakuna anayezitaka. Unasukuma rafu, unapita, na nyuma yake duka ni lilelile na wateja walewale. Viwanda vyenyewe ndivyo vilivyojificha zaidi. Miaka ya 1990 serikali ya Guangdong ilifika mahali pa kutangaza zawadi ya yuan 300,000 kwa atakayefichua mtambo mmoja wa siri wa kuchapa diski.

Kwa hiyo tazama mnyororo wote. Mwenye mtambo haonekani. Mwenye stoo haonekani. Muuzaji ana mzigo mdogo na karatasi ya "tunakarabati". Anayekutwa na diski mia nane mahali pamoja, kwenye begi lenye jina lake na pasipoti yake, ni wewe mgeni. Nimewaambia hivyo watu wengi darajani Xiaobei, wengine wakaniona mkalimani mwoga. Mtu akikuuzia bila fapiao, ile risiti rasmi ya kodi ya Kichina, ujue mzigo ukikamatwa huna hata cha kumwonyesha mtu wa forodha, na aliyekuuzia hana la kujibu.

Na huku nyumbani hali si ya miaka ile tena. Tanzania mwaka 2013 filamu na muziki vinavyouzwa viliwekewa sharti la stempu ya TRA, mamlaka ya mapato. FCC, tume ya ushindani, nayo huwa inakamata na kuteketeza bidhaa bandia. Kenya wana sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008, na KECOBO inayosimamia hakimiliki. Hata zamani faida haikuwa nene kama watu walivyosimulia. Kopi nyingi zilitoka kwenye diski za Marekani, kwa hiyo zilikuwa za NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, wakati TV zetu za kichogo zilikuwa za PAL. Mteja anarudi Kariakoo amekasirika: picha haina rangi, au inapanda na kushuka. Zile za "filamu 20 kwa sidii moja" ndizo zilikuwa balaa zaidi. Hesabu mwenyewe, filamu 20 ndani ya gigabaiti 8.5, kila moja inabaki na nini? Mtu akikimbia kwenye picha anageuka vibox.

Turudi kwa aliyeniandikia. Maduka hayo hayakuuawa na polisi. Zilikuja tovuti za video, Tudou ilianza 2005, Youku 2006, iQiyi 2010, na vijana wa Kichina wakahamia kwenye skrini za simu. Msako nao ukahamia huko: Februari 2021 polisi wa Shanghai walitangaza kuwakamata watu 14 wa YYeTs, kundi lililokuwa linatafsiri na kusambaza filamu za nje.

Kilichorithi begi la DVD ni TV box, kisanduku cha kuchomeka kwenye TV kinacholeta picha kutoka mtandaoni. Nenda Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki la Shenzhen, utaonyeshwa kisanduku kidogo chenye "chaneli zote na filamu zote, hakuna kulipia tena". Mpangilio ni uleule wa zamani. Filamu hazimo ndani ya box, zinatoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya mtu usiyemjua. Siku seva ikizimwa, umebaki na maboksi mia mbili Kariakoo, na wateja wanakupigia wewe.

Ukitaka kufanya biashara ya box, nunua tupu, lisilo na programu za wizi, lenye fapiao, na plagi inayoingia kwenye soketi zetu. Liwashwe mbele yako. Kama bado unashawishika na lile la "chaneli zote", muulize muuzaji swali moja kabla hujatoa pesa: seva ikizimwa baada ya miezi mitatu, atakurudishia? Mwombe aandike kwenye karatasi ya oda, kwa Kichina, apige na mhuri. Nimewakalimania wanunuzi walioomba hivyo. Wauzaji walicheka, wakatumiminia chai, na kalamu hawakuishika.