Kuigiza Henry V kwa macho ya Wafaransa

Shakespeare aliandika tamthilia ya Henry V yapata 1599 akimtukuza mfalme wa Waingereza aliyeivamia Ufaransa, lakini Wafaransa nao aliwaachia maneno ya kutosha. Huna haja ya kutunga mistari mipya. Amua tu nani asimulie, na kipi kisikatwe.

Anza na Msimulizi. Akiwa Mwingereza, watu watamshangilia Henry kabla hajafungua mdomo. Nafasi hiyo mpe Montjoy, mjumbe wa Wafaransa, ambaye mwishoni huja kuomba ruhusa ya kuhesabu na kuzika maiti. Sifa za mshindi zikitoka kinywani mwa aliyeshindwa zina uchungu wake.

Hotuba ya askofu kuhusu sheria ya urithi, inayohalalisha dai la Henry kwa kiti cha ufalme wa Ufaransa, ina mistari zaidi ya 60. Bakiza nusu. Inachosha, ndiyo, lakini wavamizi nao hupenda makaratasi.

Penye uzito ni sehemu ya tatu. Mbele ya malango ya Harfleur, mji wa Wafaransa, Henry anatishia kwamba mabinti watanajisiwa na watoto wachanga watatungikwa kwenye mikuki. Usipunguze hata neno. Hapohapo linafuata onyesho la Katherine, binti wa mfalme wa Ufaransa, akifundishwa kwa Kiingereza majina ya viungo vya mwili: mkono, vidole, kucha, kiwiko. Usizime taa katikati; mwache aingie askari wakiwa bado wanatoka. Mkiigiza kwa Kiswahili, ajifunze maneno ya Kiswahili, kwa kuwa jukwaani hiyo ndiyo lugha ya wavamizi, na Kifaransa chake kibaki Kifaransa. Kicheko kitakuja chenyewe. Mwigizaji akikitafuta, ile hofu inapotea.

Wengi huharibu kwenye mateka. Katika chapa ya 1623, Henry anaamuru mateka wa Kifaransa wauawe baada ya kusikia Wafaransa wamejipanga upya. Habari ya wavulana waliochinjwa na Wafaransa katika kambi ya Waingereza inatajwa baadaye. Ukibadilisha mfuatano, amri inakuwa kisasi, na umeshamtetea.

Orodha ya maiti isomwe polepole: Wafaransa 10,000, na miongoni mwao 500 waliopewa cheo cha ushujaa (knight) jana yake tu.

Kosa la upande wa pili ni kuwafanya Wafaransa malaika. Majigambo yao usiku wa kuamkia vita vya Agincourt yabaki, ila Dauphin, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa, mwondoe hapo. Chapa ya 1600 inaweka mtawala mwingine wa Kifaransa, Bourbon, mahali pake, na kihistoria Dauphin hakuwapo vitani tarehe 25 Oktoba 1415.