Usiikumbatie Kinga: Maswali Kuhusu Mazoezi ya Risasi

SWALI: Afande, kwenye mazoezi ya wawili wawili nilijikinga nyuma ya gari kuukuu. Shabaha niliiona vizuri, lakini risasi mbili zikatoboa boneti. Bunduki ina kasoro?
Konstebo, Nakuru

JIBU: Bunduki haina neno. Kwenye AK, kilengeo kimekaa takriban sentimita 5 juu ya tundu la mtutu, hivyo jicho linaweza kuivuka boneti ilhali mtutu bado umeelekea bati. Tazama mdomo wa mtutu kabla ya kufyatua, au bora upige ukichungulia ubavuni mwa gari.

Tena usiliegemee gari. Rudi nyuma hatua moja au mbili. Risasi ikigonga boneti au ukuta kwa mshazari hairuki kama mpira. Mara nyingi huteleza ikiambaa pale pale, na aliyejibana hapo ndiye anayeipokea. Mlango wa gari ni maficho, si kinga: risasi ya milimita 7.62 huupasua na kuendelea na safari. Kaa upande wa injini, gurudumu likikinga miguu yako. Ukuta wa udongo nao usiuamini. Mwamba kama wa Kit Mikayi huzuia risasi vyema, ila hutema vipande, kwa hiyo miwani isikutoke usoni.

SWALI: Mwenzangu akinifunika kwa risasi nami nikikimbia mbele, anyamaze lini?
Koplo, Kisumu

JIBU: Kabla hujaingia kwenye pembe yake. Kwa wanaoanza tunaacha digrii 45 kati ya mstari wa risasi na mkimbiaji, na mkufunzi apige vigingi mapema ili pasiwe na kukisia. Maneno ni matatu: "Tayari!", mwenzio ajibu "Songa!", nawe "Nasonga!" Wengi huinuka bila kusubiri jibu, wakamkuta mwenzao anabadilisha magazini. Kimbia sekunde 3 hadi 5 tu, na kinga inayofuata uichague kabla hujainuka.

Sefti, yaani wenzo wa kufunga bunduki isifyatuke, ndiyo huwaponza zaidi. Wenzo wa AK ukiwa chini kabisa, bunduki hupiga moja moja. Juu kabisa, imefungwa. Katikati ni mfululizo. Mwenye haraka huusukuma nusu, akadhani amefunga, kisha akakimbia na kidole kwenye triga. Usukume hadi ugote, na kidole kikae nje.

Na neno "kufunika" lisikudanganye. Mtaani humwagi risasi ili mtu ainamishe kichwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu silaha kwa ajili ya kuokoa uhai au kujikinga na hatari iliyo karibu, kwa hiyo kila risasi iwe na mlengwa unayemwona.

SWALI: Risasi tulizopewa ni chache. Tuanze nazo moja kwa moja?
Sajini, Kakamega

JIBU: La. Pita njia ile ile na bunduki tupu, zilizokaguliwa na watu wawili, hadi miito itoke bila kufikiri. Kisha kwa risasi baridi, zile zisizo na kichwa, na hizo pia zisielekezwe kwa mtu, maana moto wake hujeruhi kwa karibu. Jozi inayokosea hapo irudi mwanzo. Haina haja ya risasi za moto siku hiyo. Risasi chache zinatosha jozi moja kwa zamu, mkufunzi akiwa nyuma ya kila bega.

Gari la majeruhi liegeshwe likitazama lango, funguo kwa dereva, na mkanda wa kuzuia damu uwe mfukoni mwa kila askari, upande mmoja kwa wote, ili mwenzio asiutafute.