Kwa nini mabamba matatu huchongwa katika fuwele moja?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia, Nyegezi, Mwanza. Tulipokuwa tukijadili interferomita ya nyutroni (kifaa kinacholigawa wimbi la nyutroni, chembe ya kiini cha atomu isiyo na chaji, kisha kulijumuisha tena), wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliuliza kwa nini mabamba yake matatu huchongwa katika fuwele moja ya silikoni. Je, hayawezi kutengenezwa mbalimbali, kisha yakapangwa?

JIBU: Mwalimu, tatizo liko kwenye huko kupanga. Kifaa cha kwanza cha aina hiyo kilifanya kazi mwaka 1974 katika kinu kidogo cha nyuklia jijini Vienna, mikononi mwa Helmut Rauch, Wolfgang Treimer na Ulrich Bonse. Bamba la kwanza huligawa wimbi la nyutroni katika njia mbili zinazoachana kwa sentimita kadhaa, la pili huzielekeza zikutane, na kwenye la tatu mawimbi hujumuika, yakiongezana au kufutana kama ya mitumbwi miwili inayopishana mwaloni Kirumba. Nafasi kati ya safu za atomu zinazofanya kazi hiyo ni takriban nanomita 0.2, kwa hiyo bamba la mwisho likisogea kando kwa nusu tu ya kipimo hicho, kilele hugeuka bonde. Mabamba yaliyobaki yameshikamana na kitako cha fuwele ileile huwa yamepangika tangu fuwele ilipokuzwa.

Hata hivyo, mitetemo ya sakafu na mabadiliko madogo ya joto bado hukisumbua kifaa, na juhudi nyingi za kukiboresha zimeelekezwa hapo. Nyutroni zenyewe ni chache mno: kwa kawaida humo ndani huwamo moja tu, na inayofuata bado imo katika kiini cha urani ndani ya kinu. Upimaji huchukua saa nyingi, pengine siku, na muda wote huo kifaa hakitakiwi kutikisika. Ndiyo maana huwekwa juu ya msingi uliotengwa na jengo. Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya kuongeza bamba la nne, ili athari ya mtetemo wa polepole katika nusu ya kwanza ya safari ifutwe katika nusu ya pili.

Ila fuwele moja ina kikomo cha ukubwa. Mwaka 2022 watafiti waliotumia kinu cha Grenoble, Ufaransa, walitangaza kwamba wamefanikiwa kwa fuwele mbili zilizotenganishwa. Kwa hiyo wajibu wanafunzi wako kwamba inawezekana, lakini kwa udhibiti wa pembe kati ya fuwele hizo ambao maabara chache sana duniani zinaumudu.